Mali bila Daftari: Uhakiki wa Upangaji wa Mikrofilamu katika Maktaba za Taaluma za Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza suala ambalo wahakiki wa fasihi na wanaisimu wamewaachia wakutubi kwa muda mrefu, nalo ni namna mikrofilamu zinavyotunzwa na kupangwa maktabani. Kwa mtazamo wa haraka suala hilo ni la ufundi tu: makabati, visanduku, namba na mashine za kusomea. Hata hivyo, mtafiti yeyote aliyepata kutafuta utenzi, gazeti au taarifa ya wilaya katika mkusanyo wa filamu anajua kwamba mara nyingi kilichomwezesha au kumzuia si filamu yenyewe, bali ni maneno yaliyoandikwa kwenye kadi ya katalogi. Maneno hayo ni matini. Yana mwandishi wake, yana msamiati wake na yana mtazamo wake juu ya watu yanaowataja. Kwa hiyo yanaweza kuhakikiwa kama matini nyingine zote.

Ili uhakiki huu usielee hewani, makala yanatumia kipimo kimoja. Kibua ni kijiji kilichoko kwenye njia itokayo Masisi kwenda Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, Kongo ya mashariki. Katika eneo hilo la mpaka wa Masisi na Walikale zinakutana Kihunde, Kinyanga, Kikumu na Kinyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wasemaji wa lugha hizo sokoni, kanisani na barabarani. Katika miaka ya 2000 jina la Kibua lilionekana zaidi katika ripoti za vita, kwa kuwa wakuu wa kundi la FDLR walikuwa na makao yao huko mpaka operesheni za kijeshi za mwaka 2009. Swali linaloulizwa hapa ni hili: je, mwanafunzi aliyezaliwa Kibua, akiingia katika maktaba yenye mikrofilamu, anaweza kuyafikia maandishi yahusuyo nchi yake kwa kutumia majina anayoyajua yeye? Hoja ya makala ni kwamba kwa sehemu kubwa hawezi, na kwamba uhaba wa filamu si sababu pekee. Sababu nyingine, iliyo rahisi zaidi kurekebishwa, ni upangaji.

2. Filamu zilivyoingia katika taaluma za Kiswahili

Ufundi wa kupiga picha ndogo za maandishi si mpya. John Benjamin Dancer aliujaribu mwaka 1839, na René Dagron aliutumia wakati Paris ilipozingirwa mwaka 1870 na 1871, ambapo barua zilizopunguzwa kwa picha zilibebwa na njiwa. Maktaba ziliupokea kwa dhati katika miaka ya 1930. Kampuni ya University Microfilms ilianzishwa mjini Ann Arbor mwaka 1938.

Katika Afrika ya Mashariki ufundi huo ulishika kasi baada ya uhuru. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na katika muongo huohuo Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kilipata nakala za mikrofilamu za nyaraka zake nyingi. Mwaka 1963 maktaba za Marekani zilianzisha ushirika uitwao CAMP, wenye makao Chicago, kwa ajili ya kupiga filamu na kuazimana maandishi ya Afrika. Mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi yake Nairobi. Huko Dar es Salaam, J.W.T. Allen alishughulikia mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu katika maktaba ya Chuo Kikuu, na katalogi ya mkusanyo huo ilichapishwa Leiden mwaka 1970.

Kwa upande wa Kongo hali ilikuwa tofauti. Taasisi ya utafiti ya IRSAC ilianzishwa mwaka 1947 na ikajenga kituo kikuu chake Lwiro, karibu na Bukavu. Mwaka 1971, vyuo vikuu vilipounganishwa kuwa kimoja, taaluma za lugha na fasihi ziliwekwa Lubumbashi, ambako kituo cha CELTA kilishughulikia isimu. Lakini sehemu kubwa ya nyaraka za utawala wa kikoloni ilikuwa imekwisha kupelekwa Brussels, ambako kwa miaka mingi ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kuanza kuhamishiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji.

Kazi hiyo inastahili sifa kwa jambo moja kubwa. Maandishi yenye nakala moja tu hufa pamoja na nakala hiyo. Yenye nakala tatu katika miji mitatu ni vigumu kuyaua. Dosari yake ni kwamba safari ilikuwa ya upande mmoja. Nakala zilikwenda Syracuse, Chicago, London na Brussels, na mara nyingi orodha zake ziliandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa kwa kumlenga msomaji wa huko. Msomaji wa Afrika alifikiriwa kama mtoaji wa maandishi, si kama mtu atakayekuja siku moja kuyaomba.

3. Mwili wa filamu

Kabla ya kuhakiki majina, ni lazima kuuangalia mwili wa filamu, kwa sababu katalogi nzuri haiokoi filamu iliyooza. Filamu za zamani za nitrati zinashika moto kwa urahisi na hazifai kuwekwa pamoja na nyingine. Filamu za aseteti huoza polepole na kutoa harufu ya siki. Harufu hiyo ni dalili ya asidi, na asidi ya rili moja huharakisha kuoza kwa rili za jirani. Filamu za poliesta zenye taswira ya fedha ndizo zinazotarajiwa kudumu takribani miaka 500, lakini kwa sharti la kuwekwa mahali penye joto lisilozidi nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa hewa kati ya asilimia 20 na 50.

Maktaba makini huwa na vizazi vitatu vya kila filamu. Cha kwanza ni filamu mama iliyotoka ndani ya kamera, ambayo haisomwi na mtu. Cha pili ni filamu ya kuzalishia nakala. Cha tatu ni nakala ya wasomaji, ambayo inaruhusiwa kuchakaa kwa mikwaruzo ya mashine. Kosa linalotokea mara nyingi katika maktaba zenye fedha kidogo ni kuwa na rili moja tu inayofanya kazi zote tatu. Rili hiyo ikikatika, maktaba huwa imepoteza matini pamoja na uwezo wa kuyapata tena.

Masharti ya joto na unyevu yaliandikwa kwa ajili ya dunia nzima, lakini kila mahali pana adui wake. Goma iko juu kiasi cha meta 1500, na joto lake si kali. Adui mkubwa huko ni unyevu na ukungu. Walikale iko chini zaidi, katika msitu wenye mvua nyingi, na huko joto na unyevu huja pamoja. Aidha, wataalamu waligundua tangu miaka ya 1960 kwamba gesi zinazotoka katika maboksi duni ya karatasi na katika rangi za ukuta huunguza fedha ya taswira na kuacha madoa madogo mekundu. Kwa mji ulio chini ya Nyiragongo onyo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu volkano hiyo hutoa gesi za salfa, na salfa ni adui wa fedha. Hata mpira mwembamba wa kufungia rili una salfa. Kwa hiyo ushauri wa kutumia uzi wa pamba na visanduku visivyo na asidi si anasa ya Ulaya. Una sababu zaidi Goma kuliko mahali pengine pengi.

Lava iliyoingia Goma Januari 2002 na kufunika sehemu ya kati ya mji, mlipuko mwingine wa Mei 2021, na vita vilivyofuatana tangu miaka ya 1990 hadi mji huo kuangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, vyote vinafundisha jambo moja: filamu mama haipaswi kukaa katika jengo moja na nakala ya wasomaji, wala katika mji mmoja.

4. Rafu na katalogi ni mambo mawili

Kosa la kwanza la upangaji ni kuichukulia rili kama kitabu. Kitabu kina mgongo wenye jina. Msomaji anaweza kupita mbele ya rafu, akakitoa, akakifungua na kukirudisha. Rili haifunguliwi mbele ya rafu. Tena rili moja ya kiasi cha meta 30 hubeba mamia ya kurasa, na inaweza kuwa na utenzi, mkataba wa shamba, barua tatu na kitabu cha tiba, kwa sababu tu ndivyo vilivyopigwa picha siku hiyo katika nyumba hiyo.

Maktaba inayozipanga rili zake kwa mada, kwa kufuata mathalani namba 496.392 ambayo mfumo wa Dewey umeipa lugha ya Kiswahili, inajitwisha kazi isiyowezekana. Rili yenye mambo manne haiwezi kusimama mahali panne. Itawekwa penye jambo la kwanza, na matatu yaliyobaki yatakuwa yamezikwa. Kwa upande wa rafu, mpango bora ni ule unaoonekana kuwa wa kijinga: namba mfululizo kwa kadiri rili zinavyoingia, bila kuacha nafasi na bila kuhamisha. Namba haidai kujua kilichomo. Kazi ya kueleza kilichomo ni ya katalogi, na katalogi inaweza kukitaja kitu kimoja mara kumi bila kukihamisha.

Kutokana na hoja hiyo, kipimo cha maelezo si rili, bali ni matini. Kila matini ndani ya rili inastahili kadi yake, pamoja na namba ya picha inapoanza na inapoishia. Maktaba inayoandika kadi moja kwa rili nzima, yenye maneno kama "miswada mbalimbali ya Kiswahili", imehesabu visanduku na kuacha kuhesabu mali.

Jambo jingine linalopuuzwa ni kwamba mikrofilamu nyingi ni nyeusi na nyeupe. Pale ambapo mnakili ametumia wino mwekundu kutenganisha vipande vya ubeti au kupambia mwanzo wa utenzi, filamu huonyesha kijivu kisicho na maana. Kwa maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambayo usomaji wake hutegemea alama ndogo sana, hasara hiyo inaweza kubadilisha usomaji wa neno. Kadi nzuri husema wazi kwamba mswada wa asili una rangi mbili na hutaja mahali ulipo, ili msomaji asiidhanie filamu kuwa ndiyo mswada.

5. Kazi ni ya nani?

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa haki ya watunzi. Mikusanyo ya miswada ya Kiswahili iliyoko SOAS, London, inajulikana kwa majina ya wakusanyaji: Taylor, Werner, Hichens, Whiteley, Knappert, Allen. Kihistoria utaratibu huo una mantiki. Nyaraka zilizoingia pamoja hubaki pamoja, na mtafiti anaweza kujua zilipita mikononi mwa nani. Tatizo huanza pale jina la mkusanyaji linapokuwa ndilo mlango pekee wa kuingilia.

Mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa unatosha. Tungo zake zilikuwa katika vinywa vya watu, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alisaidia sana kuzikusanya na kuzifafanua, W.E. Taylor alizipokea na kuzihifadhi. William Hichens alizichapisha mwaka 1940. Hapo kuna watu wanne wenye kazi nne tofauti: mtunzi, mwalimu mkusanyaji, mpokeaji na mhariri. Katalogi yenye nafasi moja tu ya "mwandishi" italazimika kuwafuta watatu. Hali kadhalika kwa Muhammad Kijuma wa Lamu, ambaye alinakili miswada mingi kwa ajili ya Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Kijuma alikuwa mnakili, lakini pia alikuwa mshairi na mchoraji. Kumwita "mwandishi" wa kila alichoandika ni kosa, na kumwacha bila jina kwa sababu "alinakili tu" ni kosa kubwa zaidi.

Kwa msomaji wa Kibua mfano ulio karibu ni Mwindo. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, Walikale, Shekarisi Candi Rureke alisimulia utendi wa shujaa huyo kwa siku nyingi mbele ya Daniel Biebuyck, aliyekuwa mtafiti wa IRSAC, na wasaidizi wake. Kitabu kilichapishwa California mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu, kikiwa na tafsiri ya Kiingereza na matini ya Kinyanga. Ni haki kusema kwamba kitabu chenyewe hakikumficha Rureke. Kinamtaja na kueleza maisha yake. Lakini jina lake haliko mahali pa mtunzi kwenye ukurasa wa kwanza, na kanuni za katalogi hufuata ukurasa huo. Matokeo yake ni kwamba kazi kubwa kuliko zote iliyotoka katika nchi hiyo hutafutwa chini ya herufi B. Mjukuu wa msikilizaji wa Rureke, asiyejua jina la Biebuyck, hana mlango.

Hapo ndipo tofauti kati ya mhariri mwaminifu na katalogi isiyo makini inapodhihirika. Hali hiyohiyo inaweza kuipata historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha Amsterdam mwaka 1990 pamoja na maelezo marefu. Bila kadi ya pili yenye jina la Yav, matini adimu ya Kiswahili cha Kongo hugeuka kuwa kitabu cha profesa wa Ulaya kuhusu Kongo.

6. Viambishi vinavyopoteza watu

Kosa la tatu ni la kiisimu, na wakutubi hawawezi kulirekebisha bila msaada wa wanaisimu. Lugha za Kibantu hubeba maana ya ngeli mwanzoni mwa neno, ilhali katalogi hupanga maneno kwa herufi ya mwanzo. Mambo hayo mawili hugongana. Watu wale wale wanaweza kuwa Banyanga chini ya B, Wanyanga chini ya W, na Nyanga chini ya N. Lugha yao ni Kinyanga chini ya K. Na sekta yao katika nyaraka za utawala ni Wanianga, kwa tahajia ya Kibelgiji. Vivyo hivyo kwa Bahunde, Wahunde, Hunde na Kihunde. Na kwa Bakumu, Wakumu, Kumu, Komo na Kikumu. Mtafiti aliyeishia kwenye herufi moja amesoma sehemu tu ya yaliyopo, naye hana njia ya kulijua hilo.

Kanuni iliyozoeleka katika maandishi ya kitaaluma ya Ulaya ni kukata kiambishi na kubakiza shina. Kanuni hiyo inasaidia kukusanya, lakini ina hatari zake. Kwanza, shina peke yake huleta utata. "Nyanga" ni pia jina la mkoa nchini Gabon na la mji nchini Zimbabwe, na "Komo" ni pia jina la lugha ya mpakani mwa Ethiopia na Sudan. Pili, msomaji wa Kiswahili haanzi kufikiri kwa shina. Anafikiri "Wahunde" na "Kihunde". Tatu, mwenye kukata viambishi bila kujua lugha hukata hata visivyo viambishi. Walikale hugeuka kuwa watu wa "Likale". Kibua yenyewe ni mtego mzuri zaidi: mkutubi anayeona ki- na shina -bua anaweza kudhani ameshika lugha ya Wabua, ambao kweli wapo, lakini kaskazini kabisa, huko Uele. Kijiji cha Walikale kingehamishwa mamia ya kilomita kwa kosa la kiambishi kimoja.

Majina ya utawala yanaongeza ugumu. Baada ya mageuzi ya 1933 jimbo liliitwa Costermansville. Tangu 1947 likaitwa Kivu. Mwaka 1988 Kivu ikagawanywa, ndipo Kivu ya Kaskazini ikawa mkoa wa peke yake. Nchi nayo iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Taarifa ya mwaka 1938 kuhusu njia ya Masisi haiwezi kuwa na maneno "Kivu ya Kaskazini". Anayetafuta kwa jina la leo atajibiwa kwamba hakuna kitu, na jibu hilo litakuwa la uongo ingawa halikukusudiwa.

Dawa yake inajulikana: jina moja lililokubaliwa, na majina mengine yote yakielekeza kwake kwa neno "tazama". Kwa lugha kuna alama zilizokwisha kutungwa ambazo hazitegemei tahajia. Uainishaji wa Guthrie umeipa Kinyanga D43, Kikumu D23 na Kiswahili G42. Alama za kimataifa za ISO 639-3 ni nyj kwa Kinyanga, hke kwa Kihunde, kmw kwa Kikumu na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Alama hiyo ya mwisho ina faida ya ziada, kwani inaiwezesha katalogi kutofautisha Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi na kile cha Unguja bila kukidharau chochote.

7. Je, tarakimu zimeifuta mikrofilamu?

Wapo wanaodai kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa sasa maandishi hugeuzwa kuwa faili za kompyuta. Dai hilo lina ukweli kwa upande wa usomaji. Mwanafunzi wa Goma mwenye simu anaweza kusoma Kiswahili kilichowekwa kwenye intaneti kwa urahisi kuliko rili inayohitaji mashine ambayo taa yake haipatikani tena. Lakini faili huhitaji umeme, programu, malipo ya kila mwaka na mtu wa kuihamisha kila baada ya miaka michache. Rili ya poliesta ikisahauliwa katika chumba kikavu kwa miaka 50 bado husomeka kwa mwanga na lenzi. Katika nchi ambayo taasisi zake zimekatizwa mara kwa mara na vita, uwezo wa kustahimili kusahauliwa si sifa ndogo.

Kwa upande mwingine, historia ya mikrofilamu yenyewe inatoa onyo. Nicholson Baker, katika kitabu chake Double Fold cha mwaka 2001, alizishutumu maktaba kubwa za Marekani kwa kutupa magazeti ya karatasi baada ya kuyapiga filamu, ilhali baadhi ya filamu hizo hazikusomeka vizuri. Wakutubi wengi walimpinga, lakini hoja yake ya msingi inabaki: nakala mpya si ruhusa ya kuangamiza ya zamani. Anayetupa filamu leo kwa sababu ana faili anarudia kosa la aliyetupa karatasi jana.

Tena kompyuta haiondoi makosa yaliyotajwa hapo juu. Huyasambaza tu kwa kasi zaidi. Kadi yenye neno "Nianga" peke yake, ikinakiliwa katika mfumo wa kompyuta, itaendelea kumficha Mnyanga katika kila nchi inakofika. Mwaka 2011, kutokana na kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba maelfu ya majalada yaliyoondolewa katika makoloni wakati wa uhuru yalikuwa yamewekwa Hanslope Park. Wakenya walikuwa wamezitafuta nyaraka za aina hiyo kwa miaka mingi. Karatasi zilikuwepo, zimetunzwa vizuri, tena mahali pakavu. Kilichokosekana ni orodha iliyo wazi kwa umma, na kwa muda wote huo kukosekana kwake kulitosha kuzifanya kana kwamba hazipo.

8. Yanayopendekezwa

Kutokana na uhakiki huo, makala yanapendekeza kadi moja kwa kila matini, yenye sehemu zifuatazo: mtunzi au msimulizi, mnakili, mkusanyaji, mhariri na mfasiri, jina la kazi pamoja na majina yake mengine (kwa mfano Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali), lugha na alama yake, mahali pa asili kwa jina la wakati ule na la leo, tarehe, mahali mswada ulipo, na mwisho namba ya rili, namba za picha na kizazi cha filamu. Kwa kufuata mfano huo, kadi ya Mwindo ingesomeka hivi: Msimulizi, Shekarisi Candi Rureke. Wahariri na wafasiri, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Lugha, Kinyanga, nyj, D43. Mahali, Walikale, wakati ule jimbo la Kivu, leo Kivu ya Kaskazini. Masimulizi, 1956, chapa, 1969. Hakuna aliyefutwa, na kila mmoja ana kazi yake.

Kazi hiyo haihitaji kwanza jengo jipya wala mashine mpya. Chuo chenye wanafunzi wa isimu kinaweza kuanza na orodha ya majina, yaani watu, lugha, vijiji na mitaa ya Masisi na Walikale, kwa tahajia zote zilizopata kutumika, kila moja ikielekeza kwa jina lililokubaliwa. Orodha kama hiyo ni utafiti halali wa shahada. Tena itakuwa na thamani hata kabla ya rili ya kwanza kurudi kutoka ng'ambo, kwa sababu ndiyo itakayomwezesha mtu wa Bukavu kumwandikia mkutubi wa Brussels au Chicago na kumwambia kwa usahihi anachokitaka na kinapoweza kuwa. Maktaba za ng'ambo nazo zinapaswa kuzipokea orodha hizo na kuziingiza katika katalogi zao, kwani kurudisha majina ni rahisi kuliko kurudisha nyaraka, na kurudisha nyaraka kusikotanguliwa na majina hakutamsaidia msomaji.

9. Hitimisho

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Katika suala la mikrofilamu methali hiyo imedhihirika kwa namna mbili. Mali iliyoachwa katika unyevu bila uangalizi huisha kweli, na ukungu huwa ndio msomaji wake wa mwisho. Mali iliyotunzwa vizuri lakini ikaandikwa kwa majina yasiyojulikana na wenyewe haiishi. Hubaki, lakini si mikononi mwao. Maktaba za taaluma za Kiswahili zimejitahidi kuizuia hasara ya kwanza kwa kadiri ya fedha zao. Hasara ya pili inahitaji fedha kidogo na ujuzi wa lugha, na ujuzi huo upo katika vyuo vya Lubumbashi, Bukavu, Goma, Dar es Salaam na Nairobi. Iwapo idara za Kiswahili na isimu zitaichukulia katalogi kuwa sehemu ya kazi yao, mwanafunzi wa Kibua ataweza kuandika "Wanyanga" au "Rureke" kwa tahajia ya kwao na kupewa namba ya rili.